Tanuru la kuni kwenye mabomba ya hewa ya nyumba: dalili, vyanzo na pa kuanzia kutafuta

Kila mwaka ikiingia Novemba, simu yangu huanza kulia jioni. Anayepiga mara nyingi ni ndugu yetu aliyenunua nyumba nje ya Grand Rapids, Michigan, kule ambako gesi ya mji haifiki na watu wanajipasha joto kwa propeni ya tangi. Ameumia na bili ya msimu uliopita, ameona kuni zimejaa shambani kwake, akanunua tanuru la kuni na kuliunganisha besmenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, na mabomba yaleyale ya hewa yanayotumiwa na tanuru la gesi. Wazo lake ni zuri. Sasa moshi unaingia sebuleni, au chumba cha watoto hakipati joto, au gesi inaendelea kuwaka ilhali kuni nazo zinateketea.

Kuni wengi wetu tunazijua. Aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, amezibeba kichwani na kuzichochea kwenye mafiga tangu utotoni. Lakini mafiga hayana dohani wala feni, na hayawekwi ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha miezi mitano. Kwenye nyumba ya Michigan, kuwasha moto ndiyo sehemu rahisi. Matatizo mengi niliyoitiwa yalitoka kwenye hewa: imepita pasipo pake, imekosa njia, au imegeuka ikarudi ilikotoka. Ndiyo maana karibu kila dalili hapa chini naianzia kwenye njia ya hewa.

Hewa inatakiwa kupita wapi

Shika picha hii kwanza, maana kila dalili inarudi hapa. Nyumba ina njia mbili za hewa. Bomba la kurudi linavuta hewa iliyopoa kutoka vyumbani na kuishusha besmenti. Bomba la kwenda linapeleka hewa iliyopashwa hadi kwenye matundu ya sakafuni. Juu ya tanuru la gesi kuna sanduku la bati ambamo hewa ya moto inakusanyika kabla ya kugawanyika kwenda vyumbani.

Tanuru la kuni la kuongezea linasimama pembeni ya lile la gesi, kila moja na feni yake. Linavuta hewa kutoka bomba la kurudi, linaipasha, kisha linaiingiza kwenye sanduku lile la juu. Ikiwa nyumba ina kiyoyozi, hewa ya kuni iingie juu ya koili yake, yale mabomba ya kupozea hewa, isipite ndani yake: joto la kuni linaweza kuyeyusha sinia la plastiki la kukingia maji na kupandisha shinikizo la gesi ya kiyoyozi kupita kiasi. Kati ya tanuru zote mbili na mahali zinapokutana kuna vilango vya njia moja, vibati vinavyofunguka hewa ikisukuma mbele na kujifunga ikitaka kurudi. Kila tanuru lina dohani yake. Kanuni ya Marekani ya dohani na vifaa vya kuni, NFPA 211, hairuhusu moto wa kuni kutumia njia moja ya moshi na gesi au mafuta, isipokuwa kifaa kimepimwa na kuidhinishwa mahususi kwa hilo.

Yapo matanuru machache yaliyoidhinishwa kufungwa kwa mfululizo, hewa ikitoka moja na kuingia jingine. Ikiwa kitabu cha tanuru lako hakisemi hivyo waziwazi, usijaribu.

Vifaa vya kutafutia tatizo ni vichache: tochi, vipimajoto viwili vya kuchomeka kwenye bomba, kipima unyevu wa kuni, na kijiti cha udi. Udi naupenda kuliko kifaa chochote. Ukiuwasha na kuusogeza taratibu kwenye maungio ya bati, ule uzi mwembamba wa moshi unakuonyesha hewa inavutwa wapi na inasukumwa wapi, hata pale mkono hausikii kitu.

King'ora cha monoksidi ya kaboni kinalia, au watu wanaumwa kichwa

Hapa hakuna kutafuta chanzo. Toa watu wote nje, watoto na wazee kwanza, kisha piga 911, namba ya dharura, ukiwa nje. Usirudi ndani kufungua madirisha.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ya namna tunavyofikiri. Monoksidi ya kaboni ni hewa ya sumu inayotoka kwenye moto, na haina harufu wala rangi. Inaleta kichwa kuuma, kichefuchefu, mwili kulegea na usingizi mzito. Mtu aliyezoea malaria akisikia hivyo anasema homa inampanda, anakunywa dawa na kujifunika blanketi, na kulala ndiko kunakommaliza. Hapa Michigan, wakati wa baridi, watu wawili wa nyumba moja wakiumwa kichwa siku moja na wakapata nafuu wakitoka nje, shuku tanuru kabla ya ugonjwa mwingine wowote. Weka king'ora besmenti na kingine kila ghorofa, karibu na vyumba vya kulala.

Wazima moto wakishapima na kukuruhusu kurudi, tanuru lisiwashwe tena mpaka chanzo kijulikane. Sehemu mbili zinazofuata ndizo mahali pa kutazama.

Moshi unatoka mlangoni ukifungua kuongeza kuni

Dohani inavuta kwa sababu hewa iliyo ndani yake ina joto na ni nyepesi. Mvuto wenyewe ni mdogo mno: vitabu vingi vya matanuru vinataka kati ya 0.03 na 0.06 za inchi ya maji ukipima kwa manometa, kifaa cha kupimia shinikizo la hewa. Nguvu ndogo hivyo inashindwa na kitu kidogo.

Chanzo cha kwanza kutazama ni feni ya tanuru lenyewe. Ikivuta hewa ya besmenti badala ya hewa ya bomba la kurudi, besmenti inakosa hewa, na mahali rahisi pa kupata nyingine ni kuivuta kupitia dohani. Moshi unateremka badala ya kupanda. Mimi mwenyewe nilihangaika na hili msimu wangu wa kwanza. Nilibadilisha kuni, nikapanda juu kusafisha dohani, nikaweka uzi mpya wa kuzibia mlango, na bado kila nikifungua moshi ulinipiga usoni. Jioni moja nilizungusha udi nyuma ya tanuru, na moshi wake ukaingia wote kwenye mwanya wa mfuniko wa feni. Skrubu mbili hazikuwapo, na mfuniko ulikuwa umejipinda upana wa kidole. Skrubu mbili na ukanda wa alumini vilimaliza kazi ambayo ilinisumbua wiki sita.

Kwa hiyo pitisha udi kuzunguka mfuniko wa feni, kisanduku cha kichujio na kila kiungo cha bomba la kurudi lililomo besmenti. Panapovuta, ziba. Tumia ukanda wa alumini uliotengenezwa kwa mabomba ya hewa au lami yake ya kupaka. Ule ukanda wa kitambaa wa rangi ya kijivu unakauka na kubanduka. Angalia pia kama fundi alifungua tundu la kurudisha hewa besmenti karibu na tanuru. Kanuni za nyumba zinataka tundu la namna hiyo likae angalau futi 10 kutoka mdomo wa moto likiwa chumba kimoja nao.

Chanzo cha pili ni mashine nyingine zinazotoa hewa nje: kikaushia nguo, feni ya jikoni, feni ya bafu. Jaribio lake ni la dakika tano. Zima zote, subiri, fungua mlango wa tanuru. Ziwashe zote, fungua tena. Moshi ukitoka mara ya pili tu, nyumba imefungwa mno na tanuru linahitaji bomba lake la hewa ya nje. Kwa siku hiyo, fungua dirisha la besmenti kidogo unapoongeza kuni.

Cha tatu ni dohani yenyewe. Lazima ipande angalau futi 3 juu ya mahali inapotokea paani, na iwe juu kwa futi 2 kuliko chochote kilicho ndani ya futi 10, ukiwemo mgongo wa paa. Bomba la kutoka tanuru kwenda dohani lipande angalau robo inchi kwa kila futi, na lisiwe na kona nyingi. Asubuhi ya baridi kali dohani iliyojengwa nje ya ukuta hujaa hewa nzito iliyopoa. Choma gazeti moja ndani ya tanuru, karibu na moshi unapoingilia dohani, uipashe kwanza, ndipo uwashe kuni.

Moshi au masizi yanatoka kwenye matundu ya vyumbani

Hili ni zito kuliko la mlangoni. Hewa ya vyumbani na moshi vinatenganishwa na kuta za chuma tu. Moshi ukitokea kwenye tundu la sakafu, ama ukuta huo umepasuka, ama moshi uliomwagika besmenti umevutwa na bomba la kurudi na kusambazwa nyumba nzima.

Kuyatofautisha si vigumu. Acha moto uwe mdogo na mtulivu, kisha washa feni kwa swichi huku ukitazama ndimi za moto kupitia kitundu cha hewa. Zikirukaruka papo hapo feni inapoanza, hewa inapenya kwenye ufa. Tanuru likishapoa kabisa, zima taa za besmenti usiku, ingiza taa yenye mwanga mkali ndani ya chumba cha moto, kisha chungulia kupitia upande wa feni. Nuru ikionekana kwenye mstari wa kulehemu au kwenye kona, hapo ndipo penye ufa.

Tanuru lenye ufa lizimwe. Nimewaona watu wakiupaka saruji ya jiko na kuendelea. Saruji hudumu mpaka chuma kitanuke mara kadhaa, kisha inadondoka usiku mkiwa mmelala. Kama mtengenezaji anauza sehemu hiyo, ibadilishwe yote. Kama hauzi, tanuru limefika mwisho wake.

Harufu ya rangi inayoungua siku ya kwanza na ya pili ni jambo jingine. Ni rangi mpya inayokomaa. Fungua madirisha, washa moto mdogo mara mbili tatu, itaisha.

Tanuru lina moto mkali, vyumba vina baridi

Hii ndiyo simu ninayoipata zaidi. Mwezi Januari mzee mmoja alinipigia: "Mdogo wangu, nimejaza kuni toka saa kumi na moja alfajiri, besmenti ni kama Bujumbura saa saba mchana, na mama yako huku juu amevaa koti." Nikamwomba aweke mkono juu ya kichujio cha tanuru la gesi, ambalo lilikuwa limezimwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kina joto."

Jibu lilikuwa hapo. Hewa ya moto iliingia kwenye sanduku la juu, na badala ya kuhangaika kwenda vyumbani kupitia mabomba marefu yenye kona, ikachukua njia fupi: ikashuka ndani ya tanuru la gesi kinyumenyume, ikapita kwenye feni yake, ikatokea kwenye bomba la kurudi na kuingia tena kwenye tanuru la kuni. Ilikuwa inazunguka besmenti. Hakukuwa na kilango cha njia moja upande wa gesi. Fundi aliyefunga alikuwa ameweka kimoja tu, upande wa kuni.

Ukikuta kichujio cha gesi kina joto wakati gesi imezimwa, usiendelee kuwasha kuni mpaka kilango kiwekwe. Mbali na joto kupotea, mota ya feni ya gesi imetengenezwa kupitisha hewa iliyopoa. Ikipigwa na hewa ya moto kila siku, inaungua. Na kichujio cha karatasi chenye vumbi ni kitu kinachoshika moto.

Kinyume chake nacho hutokea. Gesi ikiwaka, hewa yake inarudi kupitia tanuru la kuni lililozimika na kumwagika besmenti. Hapo ukiwa umesimama mbele ya tanuru la kuni unasikia upepo ukikujia kutoka kwenye kisanduku cha feni. Kilango cha upande wa kuni hakipo, au kimekwama. Hukwama zaidi kwa sababu skrubu ndefu ya kiungo imeingia ndani na kukizuia kufunga. Vua skrubu, weka fupi.

Vilango vikiwa sawa na vyumba bado vina baridi, pima ukubwa wa mabomba. Watu wengi hawaamini tofauti iliyopo mpaka wapige hesabu. Bomba la mviringo la inchi 8 lina mdomo wa inchi za mraba 50 hivi. La inchi 6 lina 28 tu. Kwa hiyo tanuru lenye matokeo mawili ya inchi 8 linahitaji nafasi ya inchi za mraba 100, na aliyelipunguza likawa na bomba mbili za inchi 6 amekata karibu nusu ya njia. Joto halina pa kwenda isipokuwa kubaki kwenye tanuru. Upande wa kurudi uwe na nafasi isiyopungua ya kwenda, maana feni haiwezi kusukuma hewa ambayo haijaipata.

Chomeka kipimajoto kimoja kwenye bomba la kurudi na kingine kwenye sanduku la juu, moto ukiwa umeshika vizuri. Tuseme cha kurudi kinasoma 65 za Fahrenheit na cha juu 125. Tofauti ni 60. Linganisha na kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu chako. Tofauti ikizidi sana huku upepo wa vyumbani ni hafifu, hewa imebanwa: tazama kichujio, matundu yaliyofunikwa na kochi au zulia, na mabomba membamba. Tofauti ikiwa ndogo huku kuni zinaungua kwa kasi, ama feni ina nguvu mno, ama joto linakimbilia dohani kwa sababu mvuto umezidi.

Usisahau kuvika mabomba yanayopita kwenye sehemu za nyumba zisizopashwa joto. Yale yaliyo karibu na tanuru la kuni yasivikwe wala kuguswa na mbao. Umbali wa kuacha kati ya sanduku la juu na mbao za dari umeandikwa kwenye kitabu na kwenye kibati cha tanuru, na hautakiwi kukisiwa. Kwa mabomba hayo ya mwanzo tumia bati tu. Yale ya alumini laini yanayojikunja kama nyoka yasikaribie hapo.

Hewa ya kuni imeingizwa kwenye bomba la kurudi la gesi

Watu hawaniiti kwa hili, kwa sababu linaonekana kufanya kazi. Nalikuta nikienda kwa jambo jingine. Mtu ameona ni rahisi: aichomeke hewa ya moto kwenye bomba la kurudi, aiache feni ya gesi isambaze. Vyumba vinapata joto, feni moja inatosha, na pesa imebaki mfukoni.

Dalili zake huja polepole. Mota ya feni ya gesi inaanza kulia, kichujio kinakuwa cha kahawia kama karatasi iliyokaribia moto, na swichi ya kikomo cha joto ya gesi inajizima bila sababu inayoonekana. Umeme ukikatika moto ungali mkali, joto lote linapanda kwenye bomba ambalo halikutengenezwa kwa joto hilo. Mabomba ya kurudi katika nyumba nyingi za zamani hapa si bati tupu: ni uwazi kati ya mbao za sakafu uliozibwa kwa kipande cha bati upande mmoja. Yaani umeelekeza hewa ya tanuru kwenye mbao kavu za miaka 60.

Ukikuta hivi nyumbani kwako, hata kama aliyekuuzia nyumba alikuambia imekaa hivyo miaka mingi, zima na ubadilishe. Kitabu cha tanuru kitakataza, mkaguzi wa kaunti atakataza, na bima ina sababu nzuri ya kukataa kulipa siku ya moto.

Feni inawaka na kuzima kila dakika mbili

Feni inaongozwa na swichi inayohisi joto la sanduku la juu. Mfano wa kawaida wa mpangilio: iwake ikifika 150 za Fahrenheit, izime ikishuka 100, na kikomo cha hatari 200. Yaani nyuzi 66, 38 na 93 za Selsiasi. Namba za kuwasha na kuzima zikikaribiana mno, feni inapuliza kidogo, inapoza kihisi, inazima. Zitenganishe kwa kadiri kitabu kinavyoruhusu. Cha kikomo usikiguse.

Moto ukiwa unaisha, kuwaka na kuzima ni kawaida. Ukiwa mkali na bado inafanya hivyo, tazama kama kihisi kimekaa mahali hewa ya moto inapopita kweli, na kama bomba la kurudi linaleta hewa yenye baridi kali kutoka sehemu ya nyumba isiyopashwa.

Kikomo cha hatari kikijizima mara kwa mara, usilaumu swichi kwanza. Inakuambia joto halitoki. Rudi kwenye sehemu ya mabomba.

Gesi inaendelea kuwaka ilhali kuni zinaungua

Mara nyingi themostati mbili, vile vidhibiti joto vya ukutani, zimewekwa namba moja, au ya gesi iko kwenye chumba ambacho hewa ya kuni inachelewa kufika. Ziweke ukuta mmoja, sebuleni. Ya kuni iweke 70, ya gesi 65. Kuni zikiisha usiku, gesi itashika yenyewe na mabomba ya maji hayatagandamana.

Dohani inajaa utomvu mweusi

Moshi wa kuni ukipoa kabla ya kutoka nje, unaganda kwenye kuta za dohani kuwa kreosoti: kwanza vumbi, kisha maganda, mwishoni kitu kinachong'aa kama lami iliyokauka. Hicho cha mwisho ndicho kinachowaka. Moto wa dohani unanguruma kama treni inayopita juu ya nyumba. Ukiusikia, funga milango yote ya hewa ya tanuru, toa watu, piga 911.

Vyanzo ni vitatu na mara nyingi viko pamoja. Kuni mbichi ndiyo ya kwanza. Pasua kigogo, chomeka kipima unyevu kwenye uso mpya wa ndani. Kikisoma zaidi ya asilimia 20, kuni hizo ni za mwaka kesho. Mwaloni uliopasuliwa unaweza kuhitaji miaka miwili. Mti unaoitwa ash hukauka upesi, na hapa Michigan umekufa kwa mamilioni tangu mdudu wa kijani anayetoboa gome lake agunduliwe karibu na Detroit mwaka 2002, kwa hiyo iliyosimama imekufa ni mingi. Ni kuni nzuri, ila ukate iliyo karibu nawe. Kusafirisha kuni kaunti hadi kaunti ndiko kulikomsambaza mdudu huyo. Matanuru mapya yanayouzwa tangu Mei 2020 chini ya masharti makali ya moshi ya serikali yanahitaji kuni kavu kuliko yale ya zamani. Ukiyalisha mbichi yanazimika na kujaa utomvu, kisha mtu anadhani ameuziwa kibovu.

Ya pili ni moto wa kufukafuka. Mtu ananunua tanuru kubwa kuliko nyumba, nyumba inapata joto upesi, hewa inafungwa, na magogo yanavuta moshi usiku kucha. Washa moto mdogo ulio hai kuliko mkubwa uliobanwa.

Ya tatu ni dohani pana mno. Tanuru lenye mdomo wa inchi 6 likitolea moshi kwenye dohani ya matofali ya kale, moshi unatanuka, unapoa na kuganda. Dawa ni kushusha ndani yake bomba la chuma kisichoshika kutu la inchi 6, lililovikwa. Kwenye bomba jeusi la kuunganisha, ncha zilizobanwa zielekee chini kwenye tanuru, utomvu ukitiririka ubaki ndani. Kila kiungo kiwe na skrubu tatu. Bomba la ukuta mmoja likae inchi 18 kutoka kitu chochote kinachoshika moto.

Msimu wa kwanza kagua dohani kila mwezi. Ukiona maganda yamefika unene wa robo inchi, umechelewa: ifagiwe kabla ya moto unaofuata.

Umeme umekatika, tanuru limejaa kuni

Feni imesimama lakini moto haujui. Joto linapanda kwenye sanduku la juu bila kwenda popote. Funga mara moja vilango vinavyoingiza hewa ya kulisha moto, acha kuni zipungue zenyewe, na usiongeze hata ukuni mmoja. Vitabu vingi vinaelekeza uondoe kichujio au ufungue mfuniko fulani hewa ipande yenyewe kwa joto lake. Soma ukurasa huo leo mchana, kisha bandika maelezo yake ukutani kwa lugha ambayo kila mtu nyumbani anaisoma, maana atakayekuwapo siku hiyo huenda akawa bibi na watoto. Mabomba yanayopanda kidogo kutoka tanuru, inchi moja kwa kila futi, yanaruhusu hewa hiyo kusafiri. Yaliyolala au kushuka yanaizuia.

Usimwage maji ndani ya tanuru. Chuma chenye joto hupasuka, na mvuke utakuunguza uso.

Ikiwa una jenereta ya kuendeshea feni, iwe nje, angalau futi 20 kutoka nyumba, mdomo wake wa moshi ukielekea mbali na madirisha. Gereji iliyofunguliwa mlango haihesabiwi kuwa nje. Umeme ukirudi, acha feni ipulize mpaka sanduku la juu lipoe chini ya kikomo, rudisha kichujio na mfuniko wake, ndipo ufungue tena hewa ya kulisha moto.